Arobaini ikisha, mtoto analala kwa nani? Mwongozo wa kumlea yatima ndani ya ukoo, Mtwara na Lindi

Huku kwetu kusini mtoto hakosi mtu wa kumshika mkono siku ya mazishi. Shida huanza baada ya arobaini. Turubai limeshakunjwa, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, ndugu wa Masasi na wa Dar wameshapanda basi. Ndipo unamkuta mtoto ameketi barazani na mfuko wake wa nguo, na hakuna hata mmoja aliyetamka kwa kinywa chake kwamba atalala kwa nani.

Mimi ni mama mkubwa wa watoto 3 wa marehemu mdogo wangu, na nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji chetu, huku juu Newala. Nimeona malezi yaliyoshika na nimeona yaliyovunjika, na karibu yote yaliyovunjika yalikuwa na upendo wa kutosha mwanzoni. Yalichokosa ni maandishi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba hata mtoto hupotea hivyo hivyo, tena mkiwa mnamwona.

Kuna wanaosema, "Si bora apelekwe kituo cha yatima, atakula wali kila siku?" Nawaelewa, hasa wakiwa na wao watoto watano na mvua haikunyesha. Lakini Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 inampa kila aliye chini ya miaka 18 haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala nayo inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwenye familia, ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe bila sababu nzito, na mtoto wa chini ya miaka 3 alelewe kwenye mazingira ya familia. Makao ya watoto yana kazi yake, nitayafikia. Ila kama ukoo upo, anza na ukoo.

1. Siku za mwanzo: jueni analala wapi leo

Msisubiri arobaini. Jioni ile ile ya mazishi, mkubwa mmoja aseme wazi, mbele ya mtoto, kwamba kwa sasa atalala kwa fulani. Hata kama ni wiki 2 tu. Afadhali awe mtu anayemjua, na nyumba iwe karibu na shule yake, ili asipoteze mama, kitanda na marafiki kwa siku moja.

Mambo matatu hayangoji kikao.

La kwanza ni kichanga. Kama mama amefariki na mtoto hajafika miezi 6, mpelekeni zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake. Msimwanzishie uji, wala maziwa ya ng'ombe matupu, kwa ushauri wa bibi barabarani. Muuguzi atawaeleza maziwa gani yanafaa, yachanganywe vipi, na kwa nini kikombe kilichooshwa vizuri ni salama kuliko chupa. Kuna familia ambazo shangazi au mama mdogo anayenyonyesha hujitolea kumnyonyesha. Ni jambo jema na la zamani, lakini apime virusi vya UKIMWI kwanza, na kwa Waislamu mkumbuke kunyonya huko kunafanya udugu wa maziwa, kwa hiyo ijulikane na isemwe, wasije kuchumbiana watu baada ya miaka 20.

La pili ni dawa. Ulizeni kimya kimya kama mtoto anatumia dawa yoyote ya kila siku, ya kifafa, ya pumu, ya kufubaza virusi. Tafuteni kadi yake kwenye vitu vya marehemu kabla vitu havijagawanywa. Nimewahi kuona kadi ya kliniki ya mtoto imekwenda Nachingwea ndani ya mkoba ambao mtu alijirithisha. Ilichukua wiki kuipata.

La tatu ni ukweli. Usimwambie mtoto wa miaka 5 kwamba mama amesafiri. Atamsubiri kila basi la jioni, na siku akielewa, hatakuamini tena hata kwa jambo dogo. Mwambie amefariki, hatarudi, si kosa lako, na utakaa na sisi. Atauliza tena kesho. Mjibu yale yale.

2. Kikao cha ukoo, na mjomba awepo

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo mambo mengi huharibika.

Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto ni wa upande wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye sauti. Pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, na kwa familia nyingi za Kiislamu, watu hutazama pia upande wa baba, hasa kwenye mirathi. Leo familia moja inaweza kuwa na mawazo yote mawili chini ya mwembe mmoja. Ukiitisha kikao cha upande mmoja tu umepanda ugomvi utakaoota baada ya mwaka. Kwa hiyo kuweni na wote: mjomba, bibi mzaa mama, baba mkubwa au mdogo, shangazi, na mtu mmoja wa nje anayeheshimika, awe imamu, mzee wa kanisa au mwenyekiti wa kitongoji. Huyo wa nje hana kura. Kazi yake ni kushuhudia.

Kama mjomba yuko mbali, mpigieni simu kikao kikiendelea, mweke sauti ya wote. Msimpe taarifa baadaye. Mjomba anayepewa taarifa baadaye hukumbuka kwamba hakuulizwa, na atalikumbuka siku ya unyago.

Maswali ya kikao ni haya, na yaulizwe hivyo hivyo yalivyo makavu:

Nani atalala naye nyumba moja? (Si "nani atamsaidia." Wa kusaidia hujaza uwanja.)
Mume au mke wa huyo mlezi amekubali, na amesema mwenyewe?
Nani analeta nini, lini? Debe la mahindi, sare ya Januari, nauli ya kliniki.
Mlezi akiugua au akifa, anayefuata ni nani?
Mtoto mwenyewe anasemaje?

Hilo la mwisho wazee wengine hulikunja uso. Mtoto aulizwe nini? Lakini wa miaka 7 anajua nyumba ipi ina mtu anayemtisha. Anayemuuliza awe mtu mmoja anayempenda, kando, si mbele ya halaiki. Wa kati wa mdogo wangu alipoulizwa hivyo alisema atakaa popote isipokuwa kwa ndugu mmoja tuliyekuwa tumeshamkubalia. Hakutoa sababu. Hatukumlazimisha kuitoa, tukabadilisha tu. Sababu tuliijua baadaye, na nilishukuru tulinyamaza tukamsikiliza.

Tena msimpe bibi kila kitu kwa vile bibi hakatai. Bibi wa miaka 70 na ushei anaweza kuwa mlezi bora kuliko sisi wote, lakini hawezi kupanda na kushuka na ndoo za maji, wala kumfuata kijana wa miaka 15 usiku. Kama mnampa bibi, mpeni pia mtu mzima mwenye miguu: mjukuu mkubwa, binti aliyeachika akarudi nyumbani, yeyote atakayelala pale.

3. Andikeni muhtasari

Karatasi 1 inatosha. Tarehe, waliohudhuria, majina ya watoto na miaka yao, mlezi ni nani, mlezi wa akiba ni nani, nani anachangia nini, mali ya watoto iliyopo, na lini mtakaa tena. Kila mtu asaini au atie dole gumba. Fanyeni nakala 3: ya mlezi, ya mjomba, na ya mtendaji wa kijiji.

Watu watakuangalia vibaya. "Yaani hatuaminiani?" Jibu ninalolitumia ni kwamba hii si ya kwetu, ni ya mwalimu mkuu na ya mahakama. Hapo hulainika.

4. Mtendaji, kisha ustawi wa jamii

Pelekeni muhtasari kwa afisa mtendaji wa kijiji au wa mtaa mkaombe barua ya utambulisho wa mlezi. Hiyo barua mtaigawa kama karanga, kila ofisi itaitaka. Yeye au kamati ya ulinzi ya kijiji atawaunganisha na afisa ustawi wa jamii, wa kata kama yupo, kama hayupo basi wa halmashauri.

Wengi huogopa watu wa ustawi, wanadhani wakija watamchukua mtoto. Kazi yao kwenye malezi ya ndugu ni kinyume: kuandikisha, kutembelea nyumba, na kuona kaya inakosa nini ili mtoto asilazimike kuondoka. Ulizeni hapo hapo kuhusu mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Kama kaya ya mlezi tayari imo, mwambieni mtu wa Kamati ya Usimamizi ya Jamii kwamba kaya imeongezeka mtoto, ili taarifa zirekebishwe. Kama mtoto alikuwa kwenye kaya ya marehemu iliyokuwa inalipwa, semeni mapema pia, msije mkakuta dirisha la malipo limefunguliwa kwa jina la mtu aliye kaburini.

5. Vyeti

Vya haraka: cheti cha kifo na cheti cha kuzaliwa. Vyote viko chini ya RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo.

Taarifa ya kifo itoeni ndani ya mwezi 1. Hifadhini kibali cha mazishi na karatasi ya hospitali, iwe ni ya Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au zahanati ya kijijini. Bila cheti cha kifo hamtaendelea na mirathi.

Mtoto wa chini ya miaka 5 ambaye hajasajiliwa, mlezi aanzie ofisi ya mtendaji wa kata au kituo cha afya, aende na kadi ya kliniki. Aliyevuka umri huo, ofisi ya RITA ya wilaya, pamoja na barua ya mtendaji na chochote kinachoonyesha tarehe ya kuzaliwa: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rekodi ya shule.

Na jambo moja nawaomba: msibadilishe jina la baba yake. Nia huwa njema, mlezi anataka mtoto ajisikie wa nyumbani. Lakini mnafuta ushahidi wake wa urithi, na kwa Waislamu Qur'ani yenyewe, sura ya 33 aya ya 5, inaagiza waitwe kwa majina ya baba zao. Mtoto anaweza kukuita mama asubuhi hadi jioni na cheti kikabaki kama kilivyo.

6. Mikorosho ya mtoto

Sasa tuseme yale ambayo kwenye kikao watu huyazunguka.

Marehemu wengi huku hawaachi fedha benki. Wanaacha mikorosho, kiwanja, baiskeli au pikipiki, labda mashua kule Kilwa. Mikorosho ndiyo yenye kelele, kwa sababu inazaa kila mwaka na haina mlinzi. Msimu wa kwanza baada ya kifo ndio unaoamua. Korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mzigo unapokelewa ghalani kwa risiti kisha unauzwa mnadani, kupitia chama cha msingi cha ushirika, na malipo yanaingia kwenye akaunti ya yule aliyeandikwa kuwa ndiye aliyeleta mzigo. Ndugu akiziokota Oktoba na kuzipeleka kwa jina lake, mwaka wa kwanza mtasema alisaidia. Mwaka wa tatu atasema shamba ni lake, na mashahidi atakuwa nao, maana kila mtu amemwona akipuliza salfa pale.

Fanyeni hivi. Mapema, kabla ya kupuliza dawa, watu 3 au 4 wa ukoo watembee shamba lote pamoja na jirani wa kila upande. Hesabuni mikorosho, andikeni mipaka kwa majina ya majirani, na hiyo orodha iambatishwe kwenye muhtasari. Kisha mfungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Mnakwenda na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao uliompendekeza msimamizi, na barua ya mtendaji. Mahakama itatangaza, atakayepinga atapinga, na msimamizi akishateuliwa anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4. Sheria ya Mtoto inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake, kwa hiyo msimamizi si mrithi. Ni mchunga mali, basi. Amri ya mahakama ikitoka, nendeni chama cha msingi mkaeleze kwamba korosho za shamba hilo zitaingia kwa jina la msimamizi.

Je, msimamizi awe ndiye mlezi? Maoni yangu ni hapana, kama mnaweza kuepuka. Mmoja ashike mtoto, mwingine ashike shamba, wachunguzane. Mlezi apate kiasi kilichoandikwa kwa ajili ya chakula na shule, kwa sababu kulea si bure na kujifanya ni bure ndiko kunakozaa wizi mdogo mdogo. Kinachobaki kiwekwe kwenye akaunti ya mtoto au kinunue kitu chake kinachoonekana, mabati kwa mfano.

Angalieni pia kangomba. Miezi ya ukata, korosho zikiwa bado ni maua, atakuja mtu na fedha taslimu, anunue mavuno yajayo kwa bei ya kutupa. Mwenye shamba lake aamue mwenyewe, akili ni yake. Ya yatima isiguswe. Waislamu hapa hawahitaji mwongozo wangu, aya ya 10 ya Suratun Nisaa kuhusu wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma kila mtu ameisikia msikitini. Ila nimeona watu wakiisikia Ijumaa na kupima debe Jumamosi.

7. Kuishi naye

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mayatima wengine jembe huja siku ya kwanza. Sisemi mtoto asifanye kazi. Watoto wetu wote huokota korosho, huchota maji, hutwanga, na anayekaa bila kazi huku hujiona mgeni zaidi. Kipimo changu ni kimoja: tazama nani anakwenda shamba siku ya shule. Kama wa kwako yuko darasani na wa marehemu yuko chini ya mkorosho, hakuna haja ya afisa kuja kutathmini.

Shule iambiwe. Elimu ya msingi haina ada, na sekondari hadi kidato cha nne ada iliondolewa tangu 2016, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vipo pale pale. Mlezi aende mwenyewe kwa mwalimu mkuu, na ile barua ya mtendaji. Mwambie mwalimu yaliyotokea, faragha, ili mtoto akisinzia au akilia asichapwe kwa utoro wa akili. Kama amehamia kutoka wilaya nyingine, ombeni uhamisho wa maandishi. Msimtoe tu, maana jina lake litabaki kule na mtihani wa darasa la saba utamkuta hana kituo.

Usiku ndipo utakapomjua. Atakojoa kitandani, hata wa miaka 10. Ataficha vipande vya muhogo chini ya mkeka. Ataiba sukari ambayo angeomba angepewa. Atakuwa mpole kupita kiasi miezi 2, ukamsifu kwa majirani, halafu siku moja apasue sahani na kukutukana. Mimi hilo la sahani lilinitoa machozi, nikasema ndiyo shukrani. Mama mmoja mzee wa jirani akaniambia, "Sasa ndiyo amefika. Mgeni havunji sahani." Usimpige kwa mambo haya. Badilisha mkeka, mwonyeshe chakula kinapokaa, mwambie akihisi njaa usiku aamke ale. Anayejua muhogo upo haufichi.

Wagawie sawasawa kwa macho. Kipande cha samaki, sabuni, nguo za Idi au Krismasi. Kama fedha ya nguo mpya haitoshi wote, basi wote wavae za zamani zilizofuliwa. Na watoto wako wa kuzaa wasemeshwe nao. Wamepungukiwa kitanda, wamepungukiwa wewe. Binti yangu alininunia wiki nzima kabla hajasema kwamba tangu wale waje sijawahi kumsuka.

Vitu vya marehemu, mtunzie. Kanga moja ya mama yake, picha, hata kijiko. Na mpelekeni makaburini akiomba.

Mtoto anayetumia dawa za kufubaza virusi anahitaji mtu mmoja tu wa nyumba anayesimamia saa. Suala la kumwambia ana nini, lifanyeni pamoja na wahudumu wa kliniki, hatua kwa hatua kadiri anavyokua. Majirani si lazima wajue.

8. Unyago, jando, na safari ya Dar

Likizo ikifika na ngoma zikaanza, yatima huwa kwenye hatari mbili zinazopingana. Ama anaachwa, wenzake wanachezwa na yeye anachungulia uani kwa sababu hakuna wa kumnunulia kanga, ama anaharakishwa, achezwe akiwa mdogo ili "awe mkubwa" na mzigo upungue. Jambo hili ni la mjomba na bibi, liwekwe kwenye kikao cha mwaka: lini, wakati wa likizo na si wakati wa masomo, nani anatoa nini, somo (wa kumfunda) ni nani. Na isemwe wazi kwamba unyago si posa. Kumwoza mwanafunzi ni kosa lenye kifungo cha miaka 30 tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016, na anayepokea mahari hawezi kusema hakujua.

Kisha atakuja mgeni mwenye nguo nzuri, labda ndugu wa mbali. "Nipeni huyu, nitamsomesha Dar." Wapo wanaosomesha kweli, sitawasingizia. Wengi wanatafuta wa kuosha vyombo. Muulizeni shule gani, mtaa gani, mwenyekiti wa mtaa wake ni nani na namba yake. Apitie kwa mtendaji wa kijiji aandikishe kwamba amemchukua mtoto fulani, na mtoto awe na namba ya simu yenu aliyoikariri kichwani, si iliyoandikwa kwenye karatasi. Arudi likizo ya kwanza, nauli ilipwe na mgeni. Anayekasirishwa na maswali haya amejijibu.

9. Kama ukoo haupo, au ukoo ndio hatari

Mtoto uliyemwokota stendi au aliyeachwa zahanati usimchukue nyumbani kimya kimya, hata kama moyo unakuuma. Mpeleke kwa mwenyekiti, polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au ustawi wa jamii. Huenda kuna mama anamtafuta Tandahimba. Ustawi wakishindwa kupata ndugu, wanaweza kumweka kwa familia ya kuaminika au kwenye malezi ya kambo, yaani familia iliyoomba, ikakaguliwa nyumba, tabia na kipato, na inayoendelea kutembelewa. Unayetaka kuwa familia ya namna hiyo, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako ukaombe kabla mtoto hajatokea, ili siku akitokea jina lako liwepo.

Kuasili ni jambo jingine. Kunapitia Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake Mtwara mjini, na kunakata uzi wa kisheria kati ya mtoto na wazazi wake wa awali. Familia nyingi za ndugu hazikuhitaji. Waislamu wengi hubaki kwenye ulezi bila kuasili, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unautambua utaratibu huo kwa jina lake, kafala.

Makao ya watoto yabaki ya muda, kwa mtoto ambaye usiku huu hana pengine salama. Yawe yenye leseni, na kuanzia siku anayoingia ulizeni tarehe ya kumrudisha kwenye familia.

Na ukiona mtoto aliyelelewa na ndugu ana makovu mapya, amekonda peke yake katika nyumba iliyonona, haendi shule, au anaogopa saa ya mtu fulani kurudi, piga 116, Simu ya Mtoto. Ni bure. Huna haja ya kuwa na uhakika. Uhakika ni kazi yao.

10. Kikao cha kila mwaka

Sisi hukaa mnada wa mwisho wa korosho ukishapita, kabla shule hazijafunguliwa Januari. Fedha ipo au imekosekana, ila inajulikana. Tunasoma muhtasari wa mwaka uliopita kwa sauti, mstari kwa mstari. Aliyeahidi debe asipolileta anasema mwenyewe kwa nini. Msimamizi anasoma kilo ngapi ziliingia ghalani na fedha ilikwenda wapi. Mlezi anasema kama amechoka, na kuchoka kusichukuliwe kuwa kosa. Mwaka mmoja nilisema nimechoka, na mjomba akawachukua wawili kwa likizo nzima.

Mwisho watoto huulizwa kama kuna kitu wanataka kiongezwe. Mwaka jana mkubwa hakutaka kitu. Mdogo alitaka viatu. Wa kati alifikiri sana, akasema ana kuku 3, anataka waandikwe kwamba ni wake. Tukawaandika, na rangi zao.